Landrova ya Baba na Wataalamu Wake

Kaka yangu alichapisha kadi za biashara kabla hajawa na biashara. Aliniletea moja mezani kwangu, pale soko la Kilombero, Arusha mjini, nilipokuwa nauza viatu vya mitumba, akanikabidhi mbele ya wateja kwa vidole viwili, kama mchungaji anavyogawa mkate wa meza ya Bwana. Ilikuwa na picha ya twiga, jina la kampuni ya utalii, na chini yake cheo: Mkurugenzi Mtendaji.

“Na gari?” nikamuuliza.

“Gari lipo.”

“Lipi?”

“La Baba.”

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa ameingiza mguu mmoja kwenye kiatu naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Kaka akaichukua tena kadi yake, akaipangusa, akaondoka.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kwenda Nairobi na kurudi na marobota, na kwa wengine, ruksa kufukuzwa kazi. Mimi nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi kwa hiari yangu, maana viatu vya Ulaya vilivyokwisha kuvaliwa vilinilisha kuliko chaki mpya. Kaka hakuacha kazi; alipunguzwa. Ndivyo walivyosema pale kiwandani, kupunguzwa, kana kwamba alikuwa nywele. Wakampa kiinua mgongo chake na kumtakia heri. Na kwa kuwa kila aliyepunguzwa Arusha alikuwa amegeuka mkurugenzi wa kampuni ya utalii, Kaka naye hakuona kwa nini abaki nyuma.

Gari lenyewe lilikuwa landrova ya zamani iliyokaa nyumbani kwetu Kikwe, nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati. Baba alikuwa bwana mifugo. Miaka yake yote ya kazi alizunguka na landrova ile upande wa magharibi wa Meru, Oldonyo Sambu na vijiji vya ng'ambo yake, akichanja ng'ombe. Kisha idara ikaishiwa petroli, ikaishiwa dawa, mwisho ikaishiwa hata watu, na vilivyobaki vikapigwa mnada. Baba akainunua landrova kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ilifika nyumbani ikivutwa na trekta, Baba akiwa ameketi kwenye usukani, uso umemnyooka kama anaongoza msafara wa rais.

Tangu siku hiyo haikuwaka. Kuku walitagia kiti cha dereva. Mama alitundika vitunguu kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Yeye alikuwa na ng'ombe wa kisasa aliyempata kupitia kikundi cha akina mama wa usharika, na ng'ombe yule alinyeshewa na mvua huku chuma kikilala pakavu. Kila masika Mama alimkumbusha Baba jambo hilo, na kila masika Baba alisema ataangalia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada Kaka akaja na fundi kutoka Sakina, kule mjini. Alikuwa mtu mnene aliyevaa ovaroli safi kabisa, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Mchungaji naye alikuwepo, amealikwa kula loshoro, yale mahindi yetu ya kuchanganya na maziwa ya mgando, maana hakuna nyumba iliyopika loshoro ya maziwa mazuri kama ya Mama, na mchungaji aliijua ratiba ya maziwa yetu kuliko kalenda ya kanisa.

“Shikamoo, mzee,” fundi akamwamkia Baba.

“Marahaba. Karibu. Mgonjwa huyo hapo.”

Fundi akaizunguka landrova. Akalipiga teke gurudumu lisilokuwa na upepo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akagonga boneti kwa spana. Akagonga mlango. Akainama, akanusa tangi la mafuta, akasema, “Mmm,” kama daktari bingwa.

“Mzee, hii ni chuma ya Mwingereza. Wajapani hawawezi kitu hiki. Hii haijafa, imelala tu.”

“Inastahili kutengenezwa?” Baba akauliza. Hilo ndilo swali alilokuwa nalo, na nilimwona ameshika mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani.

“Mzee, tazama mlango. Kutu iko wapi? Huu mlango ni aluminiamu. Hautashika kutu mpaka Yesu arudi!” Akakumbuka nani yuko nyuma yake. “Samahani, mchungaji.”

Mchungaji akasema hakuna lisilowezekana kwa Mungu. Kisha akachungulia chini ya gari, akajisahihisha, “Ila na Mungu naye hutumia vifaa vilivyopo.”

Mama wakati huo alikuwa ameingia chini ya gari hilohilo kutafuta mayai, na mkononi ana kisu alichokuwa anamenyea ndizi. Tukasikia sauti yake ikitoka huko chini.

“Baba watoto, hebu njoo uone.”

Sote tukainama. Mama alikuwa amekichomeka kisu kwenye chesi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari lote. Kimezama mpaka mpini. Akakichomoa, akakichomeka mahali pengine, kikazama tena. Vumbi jekundu likamwagika kama unga.

“Ni kama mkate,” Mama akasema.

“Hapo, mama, ni kuchomelea kiraka tu,” fundi akasema upesi.

“Kiraka kinahitaji nguo, mwanangu. Wewe utakishonea wapi?”

Fundi akaeleza kwamba injini ndiyo gari, mengine ni mapambo. Aliongea muda mrefu, akitaja kabureta na gia na diferensho, na Kaka akawa anaitikia kila neno kama mzee wa kanisa. Nilipoulizwa maoni yangu nikasema iuzwe skrepa.

“Wewe umezoea mitumba,” Kaka akaniambia.

“Na hii ni nini?”

Baba akatunyamazisha kwa mkono. Akatuambia habari ambayo hakuwahi kutuambia. Siku moja akienda Oldonyo Sambu, korongo lilimjia na maji akiwa katikati. Alipanda juu ya paa na sanduku la barafu lenye chanjo, akalibeba kichwani mchana kutwa mpaka maji yakapungua. Ng'ombe wa boma zima walikuwa wanaisubiri chanjo ile. Aliposhuka akageuza ufunguo, landrova ikawaka.

“Haikuniacha,” akasema. “Mimi niiache?”

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi. Mama akapangusa kisu chake kwenye kanga na kurudi jikoni. Na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa kwamba landrova inastahili: kwa neno la fundi aliyetaka kazi, kwa kadi zilizokwisha kuchapishwa, na kwa moyo wa mzee mmoja. Chesi haikupigiwa kura.

Injini ikang'olewa, ikapelekwa Sakina, na kiinua mgongo cha Kaka kikaifuata. Nilikwenda huko naye mara moja, nikaikuta injini imelala juu ya gunia kando ya barabara ya Nairobi, mabasi yakiipulizia vumbi. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotoka garini kwetu. Akatueleza kwamba kila kitu ni tayari, imebaki spea moja tu, nayo iko Namanga. Mwezi uliofuata ikawa spea nyingine, nayo iko Namanga. Vyuma vyetu vilikaa Namanga kuliko askari wa mpakani.

Katika kusubiri, mkurugenzi hakukaa bure. Alinunua kofia pana ya kaki. Alijifunza kusema “karibu” kwa lafudhi ya Kizungu. Kisha akaja Kikwe na makopo ya rangi akaipaka landrova michirizi ya pundamilia kutoka boneti mpaka nyuma. Nilimuuliza kama si vizuri kuanza na chesi. Akasema mgeni hatazami chini.

Hatimaye injini ikarudi, ikafungwa, na chesi ikawekewa viraka vyake. Siku ya kuiwasha walikuja majirani, kwaya ya akina mama na watu wa mitaa ya mbali ambao sikujua nani aliwaambia. Fundi akageuza ufunguo. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Akageuza tena. Ikaunguruma! Akina mama wakapiga vigelegele, kuku wakatawanyika, na Baba akavua kofia yake. Nilitazama pembeni ili asinione nikimwona.

Mchungaji akaiombea. Kisha Kaka akapanga watu kwa safari ya kwanza, kwenda barabarani na kurudi. Yeye mwenyewe kwenye usukani, mchungaji kando yake, fundi nyuma pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na vigogo wengine wa hapo kijijini. Baba akasogea, akashika mpini wa mlango.

“Baba, wewe utapanda safari ya pili,” Kaka akamwambia. “Hii ni ya wageni rasmi.”

Baba akauachia mlango. “Sawa,” akasema, na akarudi nyuma kusimama na sisi.

Kutoka kwetu kwenda barabarani lazima uvuke mfereji wa maji, ule unaoshuka kutoka mlimani kumwagilia mahindi ya Kikwe nzima. Trekta huvuka, mikokoteni huvuka. Landrova ikaingiza magurudumu ya mbele taratibu, ikazama pua, na hapo tukasikia mlio kama mtu anayevunja muwa gotini. Pua ikabaki mferejini, makalio yakabaki juu ukingoni, na katikati ikakunjika kama mtu anayesujudu. Kwaya ilimaliza ubeti ndipo ikanyamaza.

Injini iliendelea kuunguruma, tena vizuri. Lakini milango ilikuwa imebana kwenye fremu na hakuna hata mmoja uliofunguka. Wageni rasmi wakaanza kutokea madirishani. Mwenyekiti alitoka kirahisi kwa sababu alikuwa mwembamba. Fundi alikwama kiunoni, ovaroli ikapasuka, na kwa mara ya kwanza ikapata tope. Mchungaji alivutwa na sauti ya kwanza ya kwaya kwa mkono wa kulia na sauti ya pili kwa mkono wa kushoto, naye akisema, “Polepole, akina mama, polepole,” kwa heshima yote inayowezekana kwa mtu ambaye miguu yake bado iko ndani.

Maji yalipojikusanya nyuma ya gari na kuanza kumwagika njiani, jirani yetu wa chini akaja mbio na jembe begani.

“Zamu yangu ya maji inaisha!” akapiga kelele. “Toeni utalii wenu kwenye mfereji!”

Fundi akasimama pembeni akikamua suruali. “Mimi nilisema tangu mwanzo chesi iangaliwe,” akasema, na alisema bila kupepesa macho. Jioni ile aliondoka na lifti ya baiskeli, na sikumwona tena ana kwa ana, ingawa niliambiwa baadaye kwamba amepanda hadhi: alikuwa mshauri wa magari ya utalii.

Kaka alikaa ukingoni mwa mfereji, kofia ya kaki mkononi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine niliyaandaa tangu siku ya kadi. Lakini nilipomwona shingo yake nikayameza. Baba akaenda akaketi karibu naye kwenye majani.

“Injini ilikuwa vizuri,” Baba akamwambia. “Umesikia ilivyounguruma?”

“Nimesikia, Baba.”

Mama alikwenda tu kumfungua ng'ombe wake, akamwingiza bandani, akafunga mlango, na akaanza kukata majani kana kwamba ng'ombe yule ameishi humo tangu azaliwe.

Ng'ombe wa kukodi waliivuta landrova kutoka mferejini, ikaachwa kando ya njia na michirizi yake, imeinama. Watoto wa shule walikaa ndani kula miwa. Ikakaa hapo masika yote, mpaka siku lilipopita gari jeupe, likapunguza mwendo, likarudi nyuma.

Aliyeshuka tulimfahamu. Zamani, tulipokuwa na chama kimoja, mheshimiwa huyo alikuja Kikwe mara kwa mara kutuhutubia juu ya wanyonyaji. Mimi mwenyewe, nikiwa msichana wa shule, niliwahi kumwimbia wimbo juani. Sasa alikuwa na hoteli ya watalii kwenye bustani kubwa, njia ya kwenda Momela, na tumbo linalolingana nayo. Yeye mwenyewe alikuwa kitu cha zamani kilichotengenezwa upya, tena kwa ustadi ambao fundi wetu wa Sakina hakuwa nao.

Akaizunguka landrova kama fundi alivyoizunguka, ila hakugonga chochote.

“Mzee, unaiuza?”

“Imevunjika,” Baba akamwambia. Hakuweza kusema uongo hata kwa mnunuzi.

“Naona. Ndiyo maana naitaka. Wageni siku hizi wanapenda vitu vilivyochoka.” Akainama kutazama pale katikati ilipokunjika, akafurahi. “Msiinyooshe tafadhali. Ikinyooka siitaki.”

Kwa hiyo ndivyo tulivyopata jibu la lile swali la Jumapili. Landrova ilikuwa na thamani tangu mwanzo, na kila senti iliyoingia katika kuitengeneza ilikuwa inaipunguzia thamani hiyo. Mheshimiwa akaichukua kwa lori, na pamoja nayo akamchukua Kaka pia, baada ya kumsikia akisema “karibu”. Akampa kazi ya kuwatembeza wageni bustanini. Kadi za ukurugenzi Mama aliwashia moto wa chai.

Baba alijizuia kwa muda, kisha akaniomba nimpeleke kuiona. Alivaa koti lake la kanisani. Getini askari akatusimamisha.

“Mzee, mmeweka nafasi?”

“Nimekuja kuona gari langu,” Baba akasema.

Askari akatutazama viatu, akatazama barabarani kutafuta gari tunalolizungumzia. Ilibidi Kaka aitwe kutoka ndani ndipo tuingie.

Tuliikuta imekaa katikati ya bustani, majani marefu yamepandwa kuyazunguka magurudumu, maua yamepandishwa kwenye boneti. Michirizi ya pundamilia ilikuwa imekwanguliwa yote. Milango ilikuwa na kutu nzito, nyekundu, imetapakaa kama ramani. Baba akaikaribia, akakunja uso. Akapitisha kidole kwenye kutu, akakinusa.

“Hii ni rangi.”

“Ndiyo, Baba,” Kaka akasema kwa sauti ya chini. “Wageni walikuwa wanauliza mbona milango haina kutu.”

“Ni aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu.”

“Tuliwaambia. Hawakupenda.”

Kabla Baba hajajibu likaja kundi la wageni, wameshika kamera. Kaka akabadilika sura, akavaa ile lafudhi yake. Nilikifahamu Kiingereza vizuri, na Baba alikifahamu tangu chuo cha mifugo, kwa hiyo wote wawili tulisikia. Gari hili, Kaka alisema, lilikuwa porini wakati tembo dume mwenye hasira alipotoka kichakani. Dereva hakuwa na pa kukimbilia. Tembo akapanda juu, akaketi. Tazameni hapa katikati. Wageni wakatazama, wakashika midomo. Kamera zikalia.

“Na bahati yenu leo ni kubwa,” Kaka akaendelea, na nilimwona akisita nukta moja tu. “Dereva mwenyewe ni huyu mzee hapa.”

Mama mmoja mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, akamshika Baba mkono kwa mikono yote miwili. Macho yamemjaa machozi. Akamuuliza kama aliogopa.

Baba akanyoosha koti. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba yeye alikuwa mtu wa kuchanja ng'ombe, na kwamba gari hili lilivunjikia kwenye mfereji wa kumwagilia mahindi, mwanawe akiwa anaendesha.

Wageni wakamgeukia Kaka. Kaka akatafsiri, Kiingereza kwa Kiingereza.

“Anasema aliogopa sana.”

Wakampigia Baba makofi.

Tulirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa. Baba alitembea mbele yangu, mikono nyuma. Nilijua amekasirika, na nilikuwa napanga namna ya kumtetea Kaka, jambo ambalo sikuwa na uzoefu nalo. Tulipofika kwenye lami akasimama.

“Tembo ni mnyama mzito,” akasema.

“Ndiyo, Baba.”

“Mzito sana. Akikaa juu ya gari, kioo hakibaki hata kimoja. Yule mtoto ameketisha tembo juu ya gari na vioo vyote ni vizima.” Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. “Uongo si kitu. Ila ule ni uvivu.”

Pasaka Kaka alipokuja nyumbani, Baba alimweleza hayohayo mezani, hatua kwa hatua, hata akatumia bakuli na kijiko kuonyesha uzito unavyoshuka. Kaka aliacha kula. Sijawahi kumwona akimsikiliza mtu kwa makini namna ile.

Baada ya hapo nilikwenda hotelini kuwapelekea wafanyakazi viatu walivyoagiza. Nikapitia bustanini. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimepasuka, vizuri sana, nyufa zimesambaa kutoka juu kwenda chini kama Baba alivyoeleza, na mgeni mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye majani anakipiga picha.